Ritifaa Iliyomaliza Salio

"Binti, ile hela ya meseji tuliyoweka ya mwezi mzima imekwisha, na leo ni tarehe 12. Nani anaila?"

Aliyeuliza ni katibu wa chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mzee mstaarabu ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Nikamjibu, "Mzee wangu, hakuna mtu aliyeila. Imeliwa na ritifaa." Akadhani namtania.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na wateja wangu wengi ni vyama vya ushirika mkoani Tanga. Asubuhi wafugaji hupeleka maziwa kituoni, karani hupima na kuandika lita, na mfumo humtumia kila mwanachama meseji ya hesabu yake. Mara kwa mara katibu huongeza tangazo: mkutano, chanjo, bei mpya ya pumba. Tangazo la mwezi ule lilikuwa la chanjo ya ng'ombe. Mzee aliliandika kwenye programu ya kuandikia barua, akalinakili na kulibandika kwenye mfumo. Programu ile ya barua ina tabia ya kupamba. Ukibonyeza ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, yenyewe huigeuza ikawa ritifaa iliyopinda kama mkia wa koma. Kwa jicho la msomaji hakuna kilichobadilika: ng'ombe na ng’ombe ni mnyama yuleyule. Kwa mtandao wa simu, kilichobadilika ni bili.

Meseji moja ya simu hubeba baiti 140, basi. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo jumla ni biti 1,120. Waliobuni mfumo huu walitengeneza jedwali dogo la alama ambamo kila alama inachukua biti 7, na 1,120 ukigawa kwa 7 unapata zile herufi 160 tunazozijua sote. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye jedwali hilo. Iliyopinda haimo. Na ikitokea alama moja tu isiyokuwemo, meseji nzima huhamishiwa kwenye mpangilio mwingine ambamo kila alama, hata ile a ya kawaida, inachukua baiti mbili. Hapo nafasi zinabaki 70. Meseji ikizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hutoa nafasi kidogo kwa ajili ya maelezo ya kuviunganisha, zikabaki 67. Tangazo la alama 150 lililokuwa meseji moja limekuwa meseji tatu. Kwa chama chenye wanachama 400, hizo ni meseji 1,200 badala ya 400.

Nimeanza na bili kwa sababu mambo ya kompyuta husikilizwa vizuri zaidi yakiwa na shilingi ndani yake. Ila jambo lenyewe ni kubwa kuliko salio la mzee. Kuna kitu mtu anachokisoma, na kuna kitu mashine inachokishika. Hivi ni vitu viwili, na lugha nyingi za kuandikia programu zimetumia miaka mingi kujifanya ni kimoja.

Kompyuta haina herufi hata moja ndani yake. Ina baiti, na kila baiti ni namba kati ya 0 na 255. Namba hizo zinaweza kuwa wimbo, picha ya harusi, mshahara au barua. Ukizitazama zenyewe hazisemi ni nini. Herufi hupatikana kwa makubaliano: tumekubaliana kwamba 110 isomwe n, 103 isomwe g, 39 iwe ritifaa iliyonyooka. Makubaliano ya aina hiyo mafundi tunayaita usimbaji. Yaliyoenea sana tangu zamani yanaitwa ASCII, yalitolewa Marekani mwaka 1963, na yana nafasi 128 tu. Humo mna herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na amri chache za mashine za kuchapia za zamani.

Kiswahili cha herufi za Kilatini kinaingia chote katika nafasi hizo 128. Hatuna herufi zenye vitone wala kofia. Mfaransa mwenye é yake, Mjerumani mwenye ü, Mrusi, Mwarabu na Mchina waligundua mapema kwamba ASCII haiwatoshi. Sisi tulipita bure, na kwa maoni yangu bahati hiyo imetulemaza. Wapo mafundi wazuri tu, tangu Mombasa hadi Bujumbura, waliofanya kazi miaka mingi wakiamini herufi na baiti ni jambo moja, kwa kuwa majina ya Juma, Asha na Neema hayakuwapa sababu ya kufikiri vingine. Kisha anakuja Ng'ang'a, au Nyong'o, au Ochieng', jina lake limeandikwa kwa ritifaa iliyopinda, na mfumo unaanguka mbele ya foleni.

Ritifaa hiyo iliyopinda ina namba yake katika Unicode, daftari la dunia nzima linalojaribu kuipa kila alama ya kila mwandiko namba moja. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1991, na leo lina alama zaidi ya 150,000, zikiwemo zile sura za kucheka na kulia za kwenye simu. Namba ya ritifaa yetu ni 8217. Haiwezi kuingia kwenye baiti moja, kwani baiti inaishia 255. Basi iandikweje? Usimbaji unaotawala leo, UTF-8, unaiandika kwa baiti tatu: 226, 128, 153. Jedwali la zamani la Windows kwa ajili ya Ulaya Magharibi linaiandika kwa baiti moja, 146. Kila moja iko sahihi nyumbani kwake. Balaa huanza baiti za nyumba moja zinaposomwa kwa jedwali la nyumba ya pili. Zile 226, 128, 153 zikisomwa kwa jedwali la Windows zinatoa alama tatu, na ng’ombe anachapishwa "ng’ombe". Msomaji bila shaka umewahi kukutana na takataka hizo kwenye risiti au barua pepe, ukadhani printa imeharibika. Printa ni nzima kabisa. Kuna mtu alipokea baiti, hakuuliza zimesimbwa vipi, akakisia.

UTF-8 yenyewe ina kisa ninachokipenda. Mwezi Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike wa maabara ya Bell Labs walikuwa wanakula chakula cha jioni katika mgahawa jimboni New Jersey, na Thompson akachora mpango wake kwenye ile karatasi inayowekwa chini ya sahani. Siku chache baadaye mfumo wao wa Plan 9 ulikuwa unautumia. Uzuri wake ni kwamba maandishi yote ya zamani ya ASCII yanabaki vilevile, baiti kwa baiti, na alama nyingine zote hupewa baiti mbili, tatu au nne, zikiwa zimepangwa kwa namna ambayo hazichanganyiki na zile za mwanzo. Ndiyo maana tangazo la chanjo kwa ritifaa iliyonyooka ni lilelile kwa ASCII na kwa UTF-8. Na ndiyo maana fundi wa Kiswahili anaweza kuishi muda mrefu bila kujua anatumia ipi kati ya hizo mbili.

Sasa niulize: neno ng’ombe, kwa ritifaa iliyopinda, lina urefu gani? Mtu anayesoma atasema saba. Diski inayolihifadhi kwa UTF-8 itasema tisa. Wote wawili wana haki, wamejibu maswali mawili tofauti. Lugha ya programu iliyo nzuri inatakiwa ijue ni swali lipi limeulizwa. C, iliyozaliwa Bell Labs hiyohiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, haijui. Kwake herufi ni baiti na baiti ni herufi, na ukiiomba ikate alama tatu za mwanzo itakukatia baiti tatu: n, g, na kipande cha kwanza cha ritifaa ambacho peke yake hakina maana popote.

Lugha niliyojifunzia kazi ni Python, na mabishano yake juu ya suala hili nayajua vizuri kuliko ya lugha nyingine yoyote. Ilianzishwa na Guido van Rossum, Mholanzi, na ilitoka mara ya kwanza mwaka 1991. Mwaka 2000 toleo la 2.0 liliongeza aina ya pili ya maandishi, yale ya Unicode, likaiacha ile ya kwanza, iliyokuwa baiti tupu, iendelee kuwepo. Mpaka hapo si vibaya. Kosa lilikuwa kwamba ukichanganya aina hizo mbili, lugha ilikugeuzia yenyewe kimyakimya, ikidhani baiti zako ni ASCII. Kila kitu kilikwenda salama ulipojaribu na Juma. Kilikwenda salama na Asha. Programu ikapelekwa kwa mteja, ikafanya kazi miezi, halafu siku moja ikapokea ng’ombe mwenye ritifaa iliyopinda na kufa papo hapo, ikilalamika juu ya baiti 226 iliyoko nafasi ya 2. (Kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo nafasi ya 2 ni ya tatu kwetu.) Fundi anaamka usiku, anabandika kiraka mahali programu ilipokufia, kumbe kosa lenyewe liliingia mbali kabisa na pale, siku ile baiti zilipopokelewa na kuachwa zizurure humo ndani bila jina.

Sote tumelelewa tukiambiwa mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hana kosa akinywa. Kosa ni la aliyeyatia humo bila alama yoyote, siku nyingi kabla.

Python 3 ilitoka tarehe 3 Desemba 2008, na badiliko lake kubwa ndilo hilo. Maandishi yakawa aina moja, baiti zikawa aina nyingine, na baiti zikiandikwa kwenye programu hutanguliwa na herufi b kabla ya alama za kunukuu ili zijulikane. Ukijaribu kuziunganisha na maandishi, lugha inakataa. Inakataa hata kwa Juma, na hapo ndipo penye thamani yote. Zamani kosa lilingoja jina gumu ndipo lijitokeze. Sasa linajitokeza mezani kwako, jaribio la kwanza, ungali na chai yako. Ili uvuke kutoka baiti kwenda maandishi ni lazima utoe amri ya kusimbua, na ili urudi utoe amri ya kusimba. Huna njia ya kupita bila kusema unavuka.

Watu walilia. Programu nyingi za zamani ziligoma, na zilihitaji kupitiwa mstari kwa mstari. Ilikuwa lazima Python 2 iendelee kutunzwa sambamba, na utunzaji wake ulikoma rasmi tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka 11 baada ya mrithi wake kuzaliwa. Mercurial, programu ya kutunzia historia ya mafaili ambayo kazi yake nzima ni kushika mafaili ya watu bila kuyagusa, ilichelewa sana kuhama, na wenyewe walikuwa na hoja: wao hawataki kujua ndani ya faili mna herufi gani, wanataka baiti zirudi kama zilivyoingia. Python 3 ya mwanzo ilikuwa imezinyima baiti hata njia ya kujazia maneno kwenye nafasi zilizoachwa wazi, jambo la kila siku kwa watu wa mitandao. Ilirudishwa katika toleo la 3.5, mwaka 2015. Hapo nadhani walionea watu. Kutenganisha vitu viwili hakukulazimu kimoja kifanywe kilema.

Kuhusu picha, hapo hata wabishi hutulia. Wafugaji wangu hutuma picha za hereni za masikio, zile zenye namba ya mnyama. Faili la picha ni baiti tupu. Hakuna herufi ya kusimbua humo. Lakini Windows, kwa urithi wa zamani, huweka mwisho wa mstari wa maandishi kwa baiti mbili, 13 na 10, wakati Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, inatumia 10 peke yake. Programu inayodhani picha ni maandishi hujitolea "kurekebisha" miisho ya mistari, na kila penye jozi hiyo ndani ya picha panaharibika. Waliobuni picha za aina ya PNG miaka ya 1990 walilijua hilo, wakatega mtego mwanzoni mwa kila faili. Baiti nane za kwanza ni 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Ile 137 haimo katika ASCII, kwa hiyo njia inayopitisha biti 7 tu itaivuruga na itajulikana. Tatu zinazofuata ni herufi P, N, G. Kisha 13 na 10, kumkamata anayegeuza miisho ya mistari upande mmoja. Ile 26 ni alama iliyokuwa ikisimamisha uonyeshaji wa maandishi kwenye DOS, na 10 ya mwisho humkamata anayegeuza upande wa pili. Sijawahi kuona baiti nane zilizotungwa kwa werevu kama huo. Zimeandikwa na watu waliochoka kuona mizigo ya wenzao ikiharibiwa njiani na programu zenye nia njema.

Lugha nyingine zimechagua njia zao. Java, ya miaka ya 1990, ilitenganisha mapema, lakini ikaamini Unicode haitazidi alama 65,536. Ilipozidi, alama moja ya kucheka ikawa inahesabiwa mbili, na ndivyo ilivyo hadi leo. Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ina waasisi watatu, na wawili kati yao ni Thompson na Pike walewale wa mgahawani. Wao walisema: maandishi ni baiti, na tuchukulie ni UTF-8. Ukiiuliza Go urefu wa ng’ombe wetu, itajibu tisa. Kwa watu walioibuni UTF-8 hilo ni jambo jepesi, na kwa seva zinazosukuma data bila kuisoma lina kasi. Mimi siipendi tabia hiyo kwa mafundi wanaoanza. Inamrudishia mtu uhuru wa kutofikiri, na madhara yake hujificha mpaka jina la Ng’ang’a likatwe katikati ya ritifaa.

Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, naiona ndiyo iliyolitazama suala hili kwa macho makavu zaidi. Maandishi yake kwa ndani ni UTF-8 kama ya Go, lakini huwezi kuyaita maandishi mpaka yamekaguliwa na kuthibitika kuwa UTF-8 halali. Ukijaribu kuyakata katikati ya ritifaa, programu inasimama badala ya kukupa kipande kibovu. Na kwa majina ya mafaili ina aina ya tatu kabisa. Hili linahitaji maelezo, kwa sababu ndipo Python 3 ilipojikwaa. Kwenye Linux jina la faili linaonekana kama maandishi, ila kwa mfumo wenyewe ni baiti zozote, isipokuwa sifuri na ule mkwaju unaotenganisha folda. Faili linaweza kuwa na jina lisilosomeka kwa UTF-8. Python ililazimika kubuni ujanja wa kuzificha baiti hizo mbovu ndani ya maandishi ili ziweze kurudi salama. Ujanja unafanya kazi, lakini ni ujanja. Rust ilikiri tu kwamba dunia ina vitu ambavyo si maandishi kamili wala si baiti tupu, ikavipa jina lake.

Python bado ina deni moja kwangu. Ukifungua faili la maandishi bila kutaja usimbaji, inatumia ule wa mashine unayoitumia. Kwenye kompyuta yangu ya Linux ni UTF-8. Kwenye kompyuta ya Windows ya karani kituoni mara nyingi ni lile jedwali la zamani. Programu moja, faili moja, majibu mawili. Imekwisha kuamuliwa kwamba kuanzia toleo la 3.15 UTF-8 ndiyo itakuwa chaguo la kawaida kila mahali, na hilo lilitakiwa lifanyike tangu mwaka ule wa 2008.

Kwa chama cha mzee, dawa ilikuwa fupi. Tangazo likiingia, mfumo husimbua baiti zake papo hapo mlangoni kwa UTF-8, na zikiwa mbovu hulikataa hapohapo na kumwambia katibu aliandike upya. Ndani yake mnatembea maandishi matupu, mpaka lango la kutokea. Pale ndipo ritifaa iliyopinda inaponyooshwa kwa ajili ya simu, na ndipo mfumo unapomwonyesha katibu, kabla hajabonyeza kutuma, kwamba tangazo lake litahesabiwa meseji ngapi. Mlangoni sinyooshi kitu, maana kwenye kadi za uanachama na ripoti za mwaka iliyopinda ndiyo inayopendeza, na jina la mtu liandikwe alivyoliandika mwenyewe.

Wenzangu mnaofundisha vijana kuandika programu, katika vyuo na kwenye vile vibanda vya mafunzo vilivyozagaa mijini, naomba mlifundishe hili wiki ya kwanza. Msiwape Juma na Asha kwenye mifano yote. Wapeni Ng’ang’a mwenye ritifaa iliyopinda, wapeni sentensi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika watu wa Lamu na Pate, wapeni na picha moja ya PNG, kisha waulizeni kila kimoja kina alama ngapi na baiti ngapi, na ni kipi kati yake hakina alama kabisa. Nanyi mnaonunua mifumo kwa ajili ya shule, zahanati na vyama, kabla hamjasaini mkataba mwambieni muuzaji aingize majina ya namna hiyo mbele yenu, ayachape, ayatume kwa meseji na kuyatafuta tena. Akianza kuwaeleza kwamba wateja wake wengine hawana majina kama hayo, tafuteni mwingine.